Wimbledon 2025: Saa Ndiyo Itakayomtaja Bingwa

Jumapili ya tarehe 8 Juni 2025, harufu ya pilau ya Idd ikiwa bado haijatoka majumbani, wapenzi wengi wa tenisi katika Afrika Mashariki tuliketi mbele ya televisheni saa kumi alasiri kuitazama fainali ya wanaume ya Roland Garros, mashindano makuu ya tenisi ya Ufaransa, tukikadiria kwamba bingwa angepatikana magharibi au muda mfupi baadaye. Magharibi ikapita, isha ikapita, chakula cha usiku kikaliwa kwa zamu, na mpira ulikuwa bado unapigwa. Saa tatu na nusu usiku ilikuwa imeshapita Carlos Alcaraz wa Hispania alipoanguka chali juu ya udongo mwekundu wa Paris, akiwa amemshinda Jannik Sinner wa Italia kwa 4-6, 6-7, 6-4, 7-6, 7-6, katika pambano la muda wa saa 5 na dakika 29, ambalo halijawahi kufikiwa kwa urefu na fainali nyingine yoyote ya mashindano hayo.

Naandika haya juma la mwisho la Juni 2025. Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni, Wimbledon, mashindano makuu yanayochezwa juu ya nyasi, inaanza jijini London. Droo itachezeshwa Ijumaa hii, na ingawa hatujajua nani ataangukia mikononi mwa nani, jambo moja limekwisha kuamuliwa na orodha ya ubora: Sinner ni namba 1 duniani na Alcaraz ni namba 2, kwa hiyo watawekwa pande mbili tofauti za droo na hawawezi kukutana kabla ya fainali ya tarehe 13 Julai. Tangu usiku ule wa Paris, mazungumzo mengi ya kuelekea London yamezunguka swali moja tu, nalo ni kama Sinner ataweza kusahau. Alikuwa na pointi tatu za ubingwa mkononi, ambazo moja tu ingempa kombe, zikamponyoka, na watu wanauliza kama kijana wa miaka 23 anaweza kubeba mzigo huo kwa majuma matatu kisha akacheza kama kwamba hakuna kilichotokea.

Naona swali hilo limeelekezwa mahali pasipo pake. Kilichomshinda Sinner si kichwa wala moyo. Kilichomshinda ni muda. Na kwa kuwa nyasi za Wimbledon zinaugawa muda kwa namna tofauti kabisa na udongo wa Roland Garros, anayetaka kuyaelewa mashindano haya ya wanaume afadhali aangalie saa kuliko sura za wachezaji.

Turudi kwanza kwenye ile seti ya nne, kwa sababu imesimuliwa sana na kuchunguzwa kidogo. Sinner alikuwa ameshinda seti mbili kwa moja na anaongoza kwa gemu 5 kwa 3. Alcaraz ndiye aliyekuwa akianzisha, yaani akipiga mpira wa kwanza wa kila pointi, na ubao ukasoma 0-40. Pointi tatu, yoyote kati ya hizo ingemaliza kazi. Alcaraz alizifuta zote tatu, akaichukua gemu hiyo, na Sinner aliposhika mpira ili aanzishe gemu ya kujitwalia kombe, akapokonywa. Wengi waliishia hapo katika hukumu yao: moyo umemvunjika. Lakini pambano halikuishia hapo. Katika seti ya tano Alcaraz naye alifika kwenye 5-4 akiwa anaanzisha ili apate ubingwa, na Sinner, ambaye miguu yake ilikuwa imekaa uwanjani karibu saa tano, akampokonya gemu hiyo na baadaye akatangulia kwa 6-5. Mtu aliyevunjika moyo hafanyi hivyo. Ilikuwa ni katika taibreki ya mwisho, yaani gemu ya kuamua seti iliyofungana 6-6, ile ya kufikia pointi 10, ndipo tulipoona wazi mchezaji mmoja akiongeza mwendo na mwingine akichelewa hatua nzima kuufikia mpira. Ikaisha kwa 10-2. Hesabu ya jumla inasema jambo ambalo macho yangeweza kulikosa: Sinner alishinda pointi 193 na Alcaraz 192. Aliyeshindwa alikuwa amepata pointi moja zaidi ya aliyeshinda.

Historia ya mchezo huu ina mifano ya kutosha kwa kila upande, na ndiyo maana napenda isitumiwe ovyo. Wanaomhofia Sinner humtaja Guillermo Coria wa Argentina, ambaye mwaka 2004 alikuwa na pointi mbili za ubingwa dhidi ya mwenzake Gastón Gaudio katika uwanja huo huo wa Paris, akashindwa kwa 8-6 katika seti ya tano, na baada ya hapo hakufika tena fainali ya mashindano makuu. Mfano huo ni wa kweli na unaumiza. Hata hivyo, Coria alikuwa bado hajashinda hata taji moja kubwa, na alikuwa mchezaji wa udongo aliyeshindwa juu ya udongo. Sinner ana mataji matatu ya Grand Slam, yaani mashindano makuu manne ya kila mwaka, mawili ya Melbourne ya mwaka 2024 na 2025 na moja la New York la mwaka 2024, na kabla ya Alcaraz kumsimamisha alikuwa ameshinda mechi 20 mfululizo katika mashindano hayo makuu.

Mfano ambao ningependa tuuweke mezani ni wa John McEnroe mwaka 1984. Katika fainali ya Paris alimtangulia Ivan Lendl kwa seti mbili bila, kisha akapoteza tatu zilizofuata na kombe ambalo hakulipata maishani mwake. Majuma machache baadaye akaenda London, akafika fainali, na akamshinda Jimmy Connors kwa 6-1, 6-1, 6-2. Jeraha lilikuwepo, na kwa maelezo yake mwenyewe halikupona kamwe, lakini juu ya nyasi mchezo wake ulikuwa na mahali pa kujificha ambapo udongo haukumpa. Pambano lile la Wimbledon liliisha upesi kiasi kwamba kumbukumbu ya Paris haikupata nafasi ya kuingia uwanjani.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji aitazame saa pamoja nami. Sinner na Alcaraz wamekutana mara 12, na Alcaraz anaongoza kwa ushindi 8 kwa 4, tano za mwisho zikiwa zake mfululizo. Ukizipanga mechi zao kubwa za seti tano, unaona mstari mmoja ulionyooka. Mwaka 2022 jijini New York, katika robo fainali, Sinner alikuwa na pointi ya kumaliza mechi katika seti ya nne. Wakacheza muda wa saa 5 na dakika 15, hadi karibu saa tisa ya usiku ya huko, na Alcaraz akashinda. Mwaka 2024 jijini Paris, katika nusu fainali, Sinner alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja; wakapita saa nne, na Alcaraz akashinda. Halafu ikaja hii ya mwezi huu. Mara tatu Sinner alikuwa mbele, mara tatu mechi ikaenda seti ya tano, na mara tatu saa ikamgeuka. Hata alipokutana na mtu mwingine Wimbledon mwaka jana, yaani Daniil Medvedev katika robo fainali, alijisikia vibaya katikati ya mchezo, akalazimika kutoka kidogo uwanjani, na mwishowe akashindwa kwa seti tatu kwa mbili baada ya saa nne.

Alcaraz, kwa upande wake, ameshinda mechi 13 kati ya 14 alizocheza hadi seti ya tano. Moja pekee aliyopoteza ilikuwa dhidi ya Matteo Berrettini huko Melbourne mwanzoni mwa mwaka 2022, alipokuwa bado na miaka 18. Sidhani kama tenisi ya wanaume ya sasa ina takwimu nyingine yenye uzito kama hiyo. Wapo wanaodai kwamba ni bahati ya ujana. Mimi naona ni namna ya kucheza. Alcaraz ana mipira mingi ya aina mbalimbali, wa kudondosha karibu na wavu, wa kukata, wa juu wenye mzunguko mkali, na anapochoka anaweza kubadilisha mapigo ili apumzike bila kupoteza pointi. Sinner ana pigo moja kuu, lililo safi kuliko la mtu yeyote duniani, la kuupiga mpira mapema ukiwa bado unapanda, ukaenda bapa na kwa kasi kwenye pembe. Pigo hilo linahitaji miguu ifike mahali pake kila mara. Katika saa mbili za kwanza inafika. Katika saa ya tano haifiki, na hakuna pigo la pili la kuegemea.

Sasa tuje kwenye nyasi. Wengi wetu tuliojifunza kushika raketi huku kwetu tulijifunzia kwenye saruji au udongo. Uwanja niliojifunzia ulikuwa na ufa uliopita katikati ya kisanduku cha kuanzishia, na mpira uliogonga pale uliruka hadi kifuani. Kila mtoto alijua namna ya kuulenga ule ufa. Kwa hiyo tunapotazama Wimbledon mara nyingi tunashangaa kwa nini wachezaji wakubwa wanainama hivyo, magoti karibu yaguse chini, kana kwamba wanaokota kitu. Sababu ni kwamba mpira kwenye nyasi hauruki, unateleza. Nyasi za Wimbledon hukatwa zibaki na urefu wa milimita 8, na tangu mwaka 2001 aina inayopandwa ni moja tu, ya rai, ambayo ni ngumu zaidi na imeufanya uwanja uwe thabiti kuliko ule wa zamani wa kukimbilia wavuni kila mpira. Hata hivyo, pointi juu yake bado ni fupi kuliko za udongo. Aliyeanzisha vizuri anapata mpira wa pili ulio laini, na anayepiga bapa na mapema anamnyima mwenzake nafasi ya kujipanga. Kwa maneno mengine, nyasi zinamlipa mchezaji kwa kile kile ambacho Sinner anakifanya vizuri zaidi, na zinamlipa papo hapo, kabla ya saa ya nne kubisha hodi.

Ushahidi upo, ingawa ni wa mechi moja. Alcaraz na Sinner wamekutana mara moja tu kwenye nyasi, nayo ilikuwa hapo hapo Wimbledon, raundi ya nne ya mwaka 2022. Sinner alishinda kwa 6-1, 6-4, 6-7, 6-3. Alcaraz alikuwa bado mgeni wa nyasi, na siyo haki kumpima leo kwa kipimo cha siku ile. Lakini ni kweli pia kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa Alcaraz kupoteza mechi katika mashindano hayo. Baada ya hapo alitwaa kombe la mwaka 2023 kwa seti tano dhidi ya Novak Djokovic na la mwaka 2024 kwa kumshinda tena Djokovic kwa seti tatu bila. Mwaka ule ule wa 2022, kwa wanaokumbuka, Angella Okutoyi wa Kenya alishinda taji la wasichana la wachezaji wawili wawili juu ya nyasi hizo, akitokea katika nchi ambayo viwanja vya nyasi havipatikani kwa urahisi, na hilo linaonyesha kwamba mwenye miguu mizuri na akili ya haraka hujifunza uso huu kwa muda mfupi. Alcaraz amejifunza. Akishinda mara hii atakuwa mwanaume wa tano katika zama za tenisi ya kulipwa, zilizoanza mwaka 1968, kutwaa Wimbledon mara tatu mfululizo, baada ya Björn Borg, Pete Sampras, Roger Federer na Djokovic.

Maandalizi ya wawili hawa nayo yamekwenda njia mbili. Alcaraz alipumzika siku chache, kisha akaingia Queen's Club jijini London, na Jumapili iliyopita akalichukua kombe lake la pili huko kwa kumshinda Jiří Lehečka wa Jamhuri ya Czech kwa 7-5, 6-7, 6-2. Katikati ya wiki, kwenye joto kali, Jaume Munar alimshikilia zaidi ya saa tatu katika mechi ya seti tatu tu. Alitoka salama kama kawaida yake, lakini nimeiandika mechi hiyo pembeni: ni saa nyingine zilizoongezwa juu ya zile za Paris. Amefikisha ushindi 18 mfululizo, na mwili wa binadamu, hata wa mwenye miaka 22, una daftari lake la madeni.

Sinner alikwenda Halle, Ujerumani, akitetea taji lake la mwaka jana, na akatolewa katika mechi yake ya pili na Alexander Bublik wa Kazakhstan kwa 3-6, 6-3, 6-4. Huyu Bublik ndiye aliyefungwa na Sinner 6-1, 7-5, 6-0 katika robo fainali ya Paris siku zisizozidi kumi na tano kabla yake. Wapo waliosema kwamba hii ndiyo dalili ya moyo uliojeruhiwa. Nina maelezo mepesi zaidi: Bublik alianzisha kwa nguvu, akadondosha mipira, akamnyima mwenzake mdundo wa aina moja, na akaendelea hivyo hadi akalichukua kombe lenyewe kwa kumshinda Medvedev katika fainali. Kwenye nyasi, mtu akiwa na siku yake ya kuanzisha, namba 1 duniani anaweza kukaa saa mbili bila kupata upenyo. Zaidi ya hayo, kushinda seti mbili kati ya tatu, kama huko Halle, si sawa na kushinda tatu kati ya tano, kama Wimbledon. Kinachonitia wasiwasi ni jambo jingine, nalo ni uchache wa mechi miguuni mwake. Sinner alirudi uwanjani mwezi Mei baada ya marufuku ya miezi mitatu iliyotokana na makubaliano na shirika la kupambana na dawa michezoni, baada ya vipimo vya mwaka 2024 kuonyesha chembe za klostebol, dawa iliyokatazwa michezoni, na kwa hiyo amecheza mashindano matatu tu tangu arejee: Roma, Paris na Halle. Mazoezi humpa mtu nguvu, lakini ustahimilivu wa saa ya tano unapatikana kwenye mechi. Nadhani sehemu ya kilichotokea Paris ilianza mwezi Februari, marufuku hiyo ilipoanza.

Hapa ni lazima nimzungumzie Djokovic, kwa sababu hakuna anayeijua saa ya Wimbledon kama yeye. Ana mataji saba huko, moja pungufu ya Federer, na ana mataji 24 ya Grand Slam. Akipata la 25 atamwacha nyuma kila mwanaume na kila mwanamke aliyewahi kucheza. Amecheza fainali sita zilizopita za Wimbledon bila kukosa hata moja. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa goti mwanzoni mwa Juni na katikati ya Julai alikuwa fainali, jambo ambalo bado sijaelewa lilivyowezekana. Na ndiye aliyeandika ukurasa unaofanana zaidi na ule wa Paris: mwaka 2019 Federer alikuwa mbele yake kwa 8-7 na 40-15 katika seti ya tano, akianzisha, pointi mbili za ubingwa, na Djokovic akazifuta, akashinda taibreki ya mwisho baada ya muda wa saa 4 na dakika 57. Siku hiyo Federer alipata pointi 218 na mshindi wake 204. Federer hakushinda tena taji kubwa, lakini alikuwa anakaribia miaka 38 wakati huo. Sinner hajafika 24.

Djokovic mwenyewe sasa ndiye mwenye miaka 38. Huko nyuma saa ilikuwa rafiki yake. Alimwacha mpinzani achukue seti mbili, akanywa maji, akabadilisha fulana, na kuanza upya. Sinner analijua hilo vizuri, kwani katika robo fainali ya Wimbledon ya mwaka 2022 alikuwa mbele kwa seti mbili bila dhidi yake, akapoteza tatu zilizofuata. Leo urafiki huo umekwisha. Mwezi Januari huko Melbourne mwili ulimlazimisha kujitoa katika nusu fainali baada ya seti moja, na huko Paris Sinner alimshinda kwa seti tatu bila, ukiwa ni ushindi wake wa nne mfululizo dhidi yake. Nampa Djokovic nafasi ya kweli London kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo anapoweza kupita raundi nne za mwanzo kwa mechi fupi, akitegemea namna anavyourudisha mpira wa kuanzisha wa wapinzani na maarifa yake ya uwanja. Lakini anahitaji droo imkwepeshe na mechi ndefu, na kama Ijumaa ataangukia upande wa Sinner, wakikutana nusu fainali sitashangaa iwe mechi ya saa mbili na nusu, na sitashangaa nani atakayeshinda.

Waingereza wana Jack Draper, namba 4 duniani, bingwa wa Indian Wells mwaka huu, mkono wa kushoto unaofungua uwanja kwa mpira unaokwenda nje. Wamemsubiri mrithi wa Andy Murray, aliyeshinda mwaka 2013 na 2016, na presha hiyo ni kubwa. Draper hajawahi kuvuka raundi ya pili Wimbledon, na kwangu hilo linatosha kuwa na tahadhari, ingawa wiki ya pili ni lengo halali kwake. Alexander Zverev atapangwa wa tatu, naye hajawahi kufika robo fainali katika mashindano haya. Siwezi kumpa kombe kwa jina lake tu. Taylor Fritz wa Marekani, aliyeshinda Stuttgart mwezi huu juu ya nyasi, namwogopa zaidi kuliko wanavyomwogopa wengi, kwa kuwa anaanzisha kwa namna inayomaliza gemu kwa dakika mbili, na mwenye gemu za dakika mbili hufika wiki ya pili akiwa na miguu mipya.

Yapo mambo mengine mwaka huu yatakayougusa muda, na hayajajadiliwa vya kutosha. Waamuzi wa mistari, waliosimama nyuma ya uwanja kwa miaka 147, hawatakuwepo. Mashine ndiyo itakayotamka kama mpira umetoka. Wapo watakaowakumbuka, nami ni mmojawao, lakini kimchezo athari yake ni kwamba mchezaji hana tena haki ya kupinga uamuzi na kusubiri picha kwenye skrini. Ile nafasi ndogo ya kuvuta pumzi, ambayo mchezaji mchovu aliitumia kwa ujanja katika gemu ngumu, imeondolewa. Kisha kuna paa la uwanja mkuu, lililopo tangu mwaka 2009. Likifungwa, upepo unakufa, hewa inakuwa nzito, na mpigaji bapa kama Sinner hucheza kana kwamba yuko ukumbini. Mvua za London zikija katika wiki ya pili, mimi nitaona ni neema kwake.

Kwa upande mwingine, kadiri siku zinavyokwenda nyasi hizo huisha. Ukiangalia picha za siku ya kwanza utaona uwanja wa kijani mtupu. Ukiangalia za siku ya kumi na nne utaona mstari wa nyuma umekuwa vumbi la rangi ya maganda ya karanga, wachezaji wakiwa wameusaga kwa viatu. Juu ya vumbi hilo mpira huruka zaidi, pointi hurefuka, na uwanja huanza kukaribia tabia za udongo. Basi nyasi ambazo zinampendelea Sinner mwanzoni zinamrudia Alcaraz kidogo kidogo kuelekea fainali, na mechi ya tarehe 13 Julai haitachezwa kwenye uwanja ule ule utakaochezewa tarehe 30 Juni. Hili ndilo linalonifanya, nikilazimika kutaja jina leo kabla ya droo, nimtaje Alcaraz, ingawa kwa tofauti ndogo sana kuliko inavyosemwa. Katika mechi saba ni vigumu kwa bingwa kukwepa angalau moja ya seti tano, na yeye ndiye ninayemwamini katika seti hiyo. Lakini simwamini kwa sababu ya pointi tatu za Paris. Hizo hazitakuwepo uwanjani.

Mwaka huu fainali imesogezwa mbele. Badala ya saa nane mchana ya London itaanza saa kumi, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni, jua likiwa linaelekea kuzama. Wakikutana wale wawili, nitakuwa na saa ya ukutani upande mmoja na televisheni upande wa pili. Kombe likiinuliwa kabla ya saa tatu usiku au karibu na hapo, mikono iliyolishika itakuwa ya Sinner. Ikifika saa nne na bado wanafuta jasho wakibadilishana pande, nitamwita jirani yangu anayempenda Alcaraz aje aketi, maana ya kwake yatakuwa yameanza.